Bata Waliokufa Bwawani, Kuku Waliokufa Kijijini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Mkoani Dodoma

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma, kando ya bwawa ambalo sitalitaja. Majina nimeyaondoa, mwaka nimeuacha, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadili ili mtu asije akanyooshewa kidole. Nawaandikia maafisa mifugo wenzangu wa kata, watendaji wa vijiji na wauguzi wa zahanati, kwa sababu simu ya kwanza huwafikia wao kabla haijamfikia daktari yeyote. Nilikuwepo tangu siku ya kwanza. Baadhi ya makosa utakayoyasoma humu ni yangu.

## Mazingira

Mtu asiyeijua Dodoma ya mwezi Novemba hataelewa kwa nini tulichanganyikiwa. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua. Kwa kawaida unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Kabla ya hapo bwawa linakuwa limekauka na kubaki dimbwi katikati ya tope lililopasukapasuka. Kila mwenye kiu huishia hapo: ng'ombe, mbuzi, punda wa kubeba madumu, akina mama na ndoo zao. Ndege nao, kwa sababu mabwawa mengine madogo ya jirani yameshakauka kabisa.

Ndege wanaokusanyika hapo ni wa namna mbili. Wapo wa humuhumu Afrika wanaohamahama kufuata maji, kama bata bukini na wale bata wenye uso mweupe wanaopiga mluzi usiku wakipita juu ya nyumba. Wapo pia wageni wa mbali waliozaliwa Ulaya na Siberia: bata wadogo, chamchanga wa aina nyingi, korongo weupe, mbayuwayu. Hao huanza kuingia Septemba na kuondoka Machi au Aprili. Ndege wa maji wanaopita kati ya huko na Afrika wana mkataba wao wa kimataifa wa mwaka 1995, na Tanzania ni mwanachama. Kwa wanakijiji ni "ndege wa kiangazi", basi.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Kila mfugaji wa kuku wa kienyeji anajua kwamba upepo mkavu ukianza kuvuma kuku hulala wazima wakaamka wamekufa. Kwa hiyo wageni na mdondo huingia kijijini kwa wakati mmoja kila mwaka, hata kama hawajawahi kukutana. Ukishalijua hilo, nusu ya kisa umeshaielewa.

Kuhusu ufugaji wenyewe: karibu kila kaya ina kuku kumi, kumi na tano, wanaojitafutia mchana na kulala jikoni au pembeni mwa sebule. Kuku ndiye daftari la mtoto, chumvi na kitoweo cha mgeni. Kaya moja karibu na bwawa ilikuwa na mabata wa kufugwa ambao kila asubuhi hushuka wenyewe majini na kurudi jioni kwa mstari. Chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho inayotakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, ilikuwa imepita zaidi ya mwaka bila kutolewa.

## Siku ya kwanza

Mtendaji wa kijiji alinipigia asubuhi na mapema. "Bwana mifugo, njoo. Bata wa bwawani wamekufa wengi, na kuku wetu nao wanakwisha. Watu wanasema ni ule ugonjwa wa ndege wa redioni."

Nilifika saa nne. Upande wa magharibi wa dimbwi, kwenye kipande cha ufukwe kisichozidi urefu wa uwanja wa mpira, ndege zaidi ya 40 walikuwa wametapakaa wamekufa: bata wa mluzi wengi, bata bukini wachache, na chamchanga kadhaa wa miguu mirefu. Chamchanga mmoja alikuwa na pete ya chuma mguuni, imeandikwa herufi na namba. Kijana aliyeiona kwanza alikuwa ameshaitangaza kijiji kizima. Nilipofika, tayari kulikuwa na watu wanaosema ndege huyo "ametumwa".

Nilipoliona lile tandiko la mizoga, kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu: mafua ya ndege. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya ugonjwa huo na nilikuwa na picha zake kwenye simu. Niliinama nikatazama, nikapiga picha, nikawaamuru watu warudi nyuma. Jambo moja nililiona lakini sikulipa uzito: nzi. Kuzunguka midomo ya bata wawili kulikuwa na nzi wengi wamelala chali, wamekufa. Nilidhani ni jua.

Kisha tukaenda vitongojini. Kuku walikuwa na dalili tunazozifahamu: mabawa yameanguka, kinyesi cha kijani, wengine shingo zimejipinda kama kamba iliyosokotwa, wengine wanapumua kwa kutweta. Mzee mmoja alinionyesha jogoo wake akizunguka palepale kama amelewa. "Huyu jana alikuwa anawika," akasema.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulichukulia tukio zima kama mafua makali ya ndege hadi maabara iseme vinginevyo. Mpaka leo nauona ulikuwa sahihi. Kwa macho matupu hakuna mtu anayeweza kutenganisha mdondo mkali na mafua makali ya ndege katika kundi la kuku. Yote mawili yanaua haraka, yanashika pumzi, utumbo na mishipa ya fahamu. Nilimwarifu daktari wa mifugo wa wilaya, naye akawaarifu watu wa wanyamapori na wa afya. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inatutaka tutoe taarifa tunaposhuku tu. Haisemi tusubiri uhakika.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutopasua mzoga wowote. Nilikuwa na jozi tatu za glovu, barakoa, na koti la mvua badala ya vazi la kujikinga. Kupasua ndege anayeshukiwa, mbele ya watoto, huku upepo unavuma, ni kutafuta balaa.

Wa tatu ulikuwa kuzuia kuku wasitoke kijijini. Mnada ulikuwa baada ya siku mbili. Nilimwomba mtendaji atangaze, na mgambo akazunguka jioni na kipaza sauti: "Kuanzia sasa ni marufuku kuuza kuku nje ya kijiji." Hilo tu. Hakueleza ni kwa nini, ni kwa muda gani, wala kuku wagonjwa wafanyweje.

Wa nne ulikuwa sampuli. Nilichukua usufi, yaani kijiti chenye pamba cha kupangusia, wa koo na wa haja kutoka kwa kuku sita, mabata watatu wa kufugwa na ndege pori watano. Barafu ikawa kikwazo. Muuguzi wa zahanati alikataa kuniazima kibeba chanjo, na alikuwa na haki: chombo cha chanjo za watoto hakibebi kinyesi cha kuku. Kwa hiyo nilinunua barafu za ubuyu kwa mama mmoja anayeuzia watoto wa shule, zile za kwenye vifuko, nikazipanga pembeni ya chupa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Zilitoka kijijini zikiwa ngumu. Basi liliharibika njiani, na ndoo ilifika Dodoma mjini ikiwa na juisi ya ubuyu vuguvugu.

## Siku ya pili na ya tatu

Usiku wa tangazo kijiji hakikulala. Mfugaji anayesikia "marufuku" bila maelezo anaelewa kitu kimoja: kesho watakuja kuchoma kuku wangu bila fidia. Pikipiki ziliingia na kutoka hadi alfajiri. Walanguzi walinunua kuku kwa nusu ya bei, wazima kwa wagonjwa, wakawafunga miguu na kuwapakia kwenye matenga. Asubuhi nilikuta tenga moja limeanguka njia panda. Chini lilikuwa limetandikwa majani yaliyoloa kinyesi cha kijani, na manyoya yalikuwa yakipeperuka kuelekea kijiji cha pili. Nililitazama tenga lile kwa muda mrefu.

Maabara ya veterinari Dodoma ilipiga simu. Sampuli zimefika na joto. Wataziendesha, lakini wanashauri nichukue nyingine. Nilirudia, safari hii na barafu ya kweli kutoka kwa muuza samaki na sanduku nililoletewa na wilaya.

Wakati huohuo mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wazee wanne. Walitaka ruhusa ya kuchoma matete yote ya bwawa ili ndege wahame. Wapo waliotaka hata dawa inyunyiziwe majini. Mkoa huu tumezoea kuona ndege ikimwaga dawa juu ya kwelea kwelea wanaovamia mtama na uwele, kwa hiyo wazo hilo halikuwa geni. Nilikataa. Niliwaambia hivi: kama kweli wanaumwa, ukiwafukuza hapa wanakwenda bwawa la pili na la tatu, na ugonjwa umewasindikiza wewe mwenyewe. Na maji hayo ndiyo mnayokunywa. Mzee mmoja akacheka. "Haya, bwana mifugo. Tuwaache wageni wale, sisi tufe." Sikuwa na jibu zuri.

Jioni ya siku ya pili ndipo fundo lilipofunguka, na aliyelifungua hakuwa mimi. Mtoto wa miaka kama saba aliletwa zahanati akitapika, akihara, jasho linamtoka na mate hayakauki. Familia yake ilikuwa imekula bata. Kijiji kikasema: hayo, mafua ya ndege yameingia kwa watu. Yule muuguzi aliyeninyima kibeba chanjo alimulika tochi machoni mwa mtoto, akaniita pembeni. "Bwana mifugo, mafua gani haya hayana homa wala kikohozi? Tazama mboni zake." Zilikuwa zimenywea kama ncha ya sindano. "Huyu amekula dawa ya wadudu. Nimewaona vibarua wa mashamba ya mpunga wakija hivi." Mtoto alipelekwa hospitali usiku uleule, akapewa dawa ya kuzima sumu hiyo, na baada ya siku tatu akarudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipokumbuka wale nzi.

Alfajiri tulirudi bwawani na watu wa wanyamapori, safari hii tukitazama ardhi. Kwenye tope la upande uleule wa magharibi tulikuta punje za mpunga zimemwagwa kwa mafungu, baadhi zikiwa na rangi ya zambarau. Ndege wa pembeni ya mafungu walikuwa na vifua vilivyonona. Mfuko wa chakula shingoni ulikuwa bado umejaa, unaushika kwa nje na kuhisi punje. Mgonjwa wa siku kadhaa hafi akiwa ameshiba. Vijana fulani walikuwa wametega chambo cha sumu usiku ili waokote bata, wawatoe matumbo na kuwauza kama kitoweo. Waliowawahi waliwauza. Waliobaki ndio tuliowakuta.

## Matokeo

Majibu ya awamu ya pili yalipitia maabara kuu, Temeke, Dar es Salaam. Hakuna ndege pori wala kuku aliyekutwa na virusi vya mafua ya ndege. Kuku walikuwa na virusi vya mdondo. Virusi hivyohivyo vilikutwa pia kwa bata mmoja wa kufugwa, aliyekuwa mzima kabisa, anakula na kupiga kelele kama kawaida yake.

Nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza, yaani kipi kilianza, jibu lilikuwa rahisi. Kuku walianza kufa wiki nzima kabla ya bata. Kaya ya kwanza ni ya bwana mmoja aliyepeleka majogoo mnadani, akakosa bei, akarudi nao. Siku ya tano nyumbani wakaanza kuangusha mabawa. Hakutoa taarifa kwa sababu kuku kufa Novemba si habari. Bata ndio waliokuwa habari.

Vitongoji vitatu vilipoteza sehemu kubwa ya kuku. Katika wiki mbili zilizofuata mdondo ulijitokeza katika vijiji vinne vingine, vyote kando ya barabara ya kwenda mnadani. Kijiji cha ng'ambo ya bwawa, ambacho ndege wale hutua kila jioni lakini hakina njia ya gari, hakikuguswa. Tulichanja kwanza makundi ya kuku wasio wagonjwa yaliyokuwa pembezoni, kisha tukarudi ndani. Suala la vijana lilishughulikiwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na sitaliingia. Pete ya chamchanga tuliikabidhi kwa watu wa wanyamapori.

## Uchambuzi: ndege wana hatia au hawana?

Baada ya majibu nilisikia watu wakisema "kumbe ndege hawana tatizo". Nalipinga hilo kwa nguvu ileile niliyopinga kuchoma matete.

Ndege wa maji ndio nyumba ya asili ya virusi vya mafua aina ya A, kundi ambalo mafua ya ndege yamo. Bata, mabukini, membe na jamii ya chamchanga wamebeba virusi hivi tangu zamani. Kati ya aina ndogo zinazopangwa kwa herufi H na N, yaani protini mbili za juu ya kirusi, H1 hadi H16 na N1 hadi N9 zote zimepatikana kwa ndege. Kwa bata virusi hukaa hasa utumbo. Bata haumwi, au anaumwa kidogo asionekane, huku akivitoa kwa kinyesi majini. Bata mwingine anakunywa maji hayo. Dimbwi letu la Novemba, ambapo ndege wa mabwawa kumi wamebanana, ni mahali pazuri sana pa kubadilishana. Kinachotusaidia ni joto na jua, maana virusi hivi hudumu muda mrefu kwenye maji ya baridi na hufa upesi kwenye kinyesi kilichokaushwa na jua la Dodoma.

Watu hudhani bata mmoja huvibeba virusi kutoka Siberia hadi hapa. Mara nyingi sivyo. Ndege aliyeambukizwa huvitoa kwa siku chache, pengine wiki au zaidi kidogo, kisha hupona. Safari yenyewe ni ya kituo kwa kituo. Virusi husafiri kama kijiti cha mbio za kupokezana: huyu anamwachia yule kwenye ziwa moja, yule anamwachia mwingine ziwa la mbele. Ndiyo maana ndege mgonjwa taabani si wa kuogopwa kwa safari ndefu. Huyo haruki mbali. Wa kufuatilia ni yule anayeonekana mzima.

Na ule ukali haukuanzia porini. Virusi vya H5 na H7 huingia mabandani vikiwa vipole. Vikizunguka katika maelfu ya kuku waliobanana, vinaweza kubadilika vikawa vya kuua. Ukoo wa H5N1 unaosumbua dunia leo ulitambuliwa kwa bata bukini wa kufugwa huko Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata watu 18 waliugua Hong Kong na 6 wakafa. Mwaka 2005 virusi viliua maelfu ya ndege pori katika ziwa Qinghai, China, na hapo ikawa wazi kwamba vimetoka mabandani vikarudi kwa ndege wa mwituni. Februari 2006 vikathibitishwa Nigeria, mara ya kwanza barani Afrika. Mwishoni mwa 2021 vilivuka Atlantiki hadi Canada, mahali ambapo hakuna lori la kuku linaloweza kufika kutoka Ulaya. Mwaka 2022 vikaingia Amerika Kusini, na Oktoba 2023 vikafika visiwa vya karibu na Antaktika. Anayesema ndege hawabebi aeleze hilo. Jirani zetu Uganda walithibitisha H5N8 Januari 2017, na ilianza kuonekana kwa ndege pori kando ya Ziwa Victoria. Hapo si mbali.

Kwa hiyo sampuli zetu tano hasi hazikuonyesha kwamba bwawa ni safi. Zilionyesha kwamba ndege wale watano hawakufa kwa mafua. Kuzitumia kusema zaidi ya hapo ni kujidanganya.

Mdondo nao una upande wake wa mwituni, kwa njiwa na ndege wa maji, ingawa katika kisa hiki njia ya mnada inajieleza yenyewe. Aliyenifikirisha zaidi ni yule bata wa kufugwa. Asubuhi yuko bwawani na wageni wa Siberia, jioni analala futi mbili kutoka kwa kuku, na ana virusi bila dalili. Safari hii alibeba mdondo, na huenda aliupata kwa kuku haohao. Mwaka mwingine anaweza kubeba kitu kingine, na njia itakuwa ileile. Kama natafuta daraja kati ya mwituni na jikoni, namtazama huyo kabla ya kutazama angani.

Daraja la pili ni ndoo. Kuku wengi wa kijiji kile hawajawahi kufika bwawani, lakini wanakunywa maji ya bwawa kila siku. Mama anachota, anamimina kwenye sufuria iliyotoboka, kuku wanakunywa. Kumwambia atumie maji ya kisima wakati kisima kimekauka ni maneno matupu. Tulichokubaliana ni maji ya kuku yachotwe upande wasiotua ndege, na yatiwe dawa ile ya kutibu maji ya kunywa inapopatikana. Virusi hivi vina ganda la mafuta. Klorini, sabuni na moto vinavimaliza. Mabata wafungiwe kuanzia Oktoba hadi ndege wahame Machi. Mwenye mabata alinuna, maana bata asiyeogelea anakula pumba za pesa. Alikubali nusu: anawafungia wakati bwawa ni dimbwi, mvua zikijaza bwawa anawaachia. Si kamili, lakini ndilo linalotekelezeka.

## Kilichofanya kazi, kilichoshindikana

Taarifa ya mapema ilifanya kazi, hata kama ilitolewa kwa sababu isiyo sahihi. Kukataa kuchoma matete kulifanya kazi. Kikosi cha kimataifa cha mafua ya ndege na ndege pori kilichoundwa mwaka 2005 kinasema hivyohivyo, kwamba kuua ndege pori au kunyunyizia dawa madimbwi hakuzuii ugonjwa. Ushirikiano na zahanati ndio uliookoa mtoto. Watu hupenda kuzungumzia Afya Moja, yaani watu wa afya, wa mifugo na wa wanyamapori kufanya kazi pamoja, kwenye kumbi za mikutano. Siku ile ilikuwa muuguzi mmoja na tochi ya simu.

Tangazo lilikuwa janga. Tulikuwa na siku mbili kabla ya mnada, muda wa kutosha kuita mkutano wa hadhara na kusema: hatuchomi kuku wa mtu, tunaomba siku saba, kuku mgonjwa azikwe na asiuzwe, mzima atachanjwa. Badala yake tulitumia maneno tisa ya kipaza sauti, na maneno hayo yaliwapeleka kuku wagonjwa mbali kuliko ndege yeyote wa bwawani. Nilipoomba tangazo sikuandika maneno yake. Sasa ninayaandika, na ninamsomea mgambo mara mbili.

Kosa langu la pili ni kwamba nilifika na jibu mfukoni. Nilikuwa nimefundishwa ugonjwa mmoja, nikauona ugonjwa mmoja. Mizoga ilikuwa mahali pamoja, wamekufa kwa usiku mmoja, wameshiba, na nzi wamekufa juu yao. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu na yote yamo kwenye picha zangu. Kushuku mafua hakukupaswa kunizuia kushuku sumu pia. Mambo mawili yanaweza kutokea wiki moja. Na gharama yake haikuwa ndogo. Kama ningetamka neno "sumu" siku ya kwanza, wale waliokuwa na nyama ya bata ndani wangeitupa, na yule mtoto asingeila. Nyama hiyo hata ukiichemsha sumu inabaki.

La barafu ni dogo, lakini lilitugharimu siku mbili. Sanduku la baridi na vipande vyake vya barafu sasa vinakaa kwa mtendaji wa kata, kwenye friji ya duka la soda jirani yake, na mwenye duka anajua ni vya nini.

## Mwaka uliofuata

Mtendaji alinipigia tena mwanzoni mwa Novemba. "Bwana mifugo, wamekuja."

Nikashtuka. "Wamekufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa. Nakuambia tu wamekuja. Wa mluzi wengi, na wale wa miguu mirefu."

Nikamuuliza chanjo imefika wapi. Akakaa kimya kidogo. "Vitongoji viwili bado," akasema. "Na mnada ni Jumamosi." Nikafunga kibeba chanjo changu nyuma ya pikipiki.